Bi Harusi Asiyezeeka

Mtaani kwetu Bagamoyo ukiuliza nyumba ya Bi Harusi, hata mtoto anayejifunza kutembea atakuonesha mlango wangu. Utabisha hodi, na atakayekutokea ni mwanamke mtu mzima mwenye miwani, futi kamba shingoni, vipande vya uzi vimemganda kwenye kanga. Wageni wengi wakiniona huitikia salamu huku wakichungulia nyuma yangu, wakingoja bi harusi mwenyewe atoke ndani. Huwaambia, karibuni, ndiye huyu, hakuna mwingine.

Jina hilo sikujipa. Nilitolewa kwetu Fukayosi nikiwa binti mbichi, nikaletwa mjini kwa wakwe, na bibi yake mume wangu, mkongwe ambaye macho yalikuwa yameanza kumtupa, akawa ananiita bi harusi. Bi harusi niletee maji ya udhu. Bi harusi, nani huyo anapita. Ndivyo anavyoitwa mke mpya katika nyumba nyingi za huku, na si jina la kukaa. Mtoto akishazaliwa, mama anakuwa Mama Fulani, na lile la kwanza linajifia lenyewe bila matanga. Wanawake walioolewa nyuma yangu walikaa kwenye ubi harusi mwaka mmoja, miaka miwili, wakapita. Mimi nikabaki palepale. Bibi alifariki akiniita hivyo. Mama mkwe akaendelea, wala si kwa ubaya, mdomo ulikuwa umeshazoea. Watoto wa jirani walizaliwa wakanikuta naitwa Bi Harusi, wakakua, wakaoa, wakawaleta wake zao kunisalimia. Shikamoo, Bi Harusi. Marahaba, bi harusi, hujambo? Tunacheka wote wawili.

Mwanzoni sikuwa nacheka. Kulikuwa na miaka ambayo nikiitwa kutoka ng'ambo ya barabara, moyo unaniuma, kwa sababu ndani ya jina nilisikia lile ambalo hawakulitamka. Nilikuwa napita njia ya uani nisikutane na watu. Kisha nilinunua cherehani, nikaweka meza barazani, nikamwita mchora vibao. Akaniuliza aandike nini. Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akajibu kutoka ndani, "Andika Bi Harusi, ndilo watu wanalolijua." Kibao kikaning'inizwa. Nilikuwa nashona sare za shule na madera, basi. Wiki haikuisha, wakaja watu kutoka Kaole wanataka gauni la harusi, wameona kibao. Nikasema ninashona, na jioni ile nikaenda kujifunza kwa rafiki yangu aliyewahi kuyashona. Leo mabibi harusi wa kuanzia hapa hadi Mapinga hupita kwenye meza yangu, wakasimama juu ya kigoda, nikawapimia pindo. Jina nililopewa kwa kukosa likageuka riziki. Tangu hapo napita barabara kuu.

Nimseme na mume wangu kidogo, maana bila yeye habari hii haina miguu. Ni fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache. Ndugu zake walimletea majina ya wasichana wa kuoa mke wa pili, tena wazuri, tena wa karibu. Aliwakaribisha wajumbe, akawawekea chai na vitumbua, akawasikiliza mpaka mwisho, akawasindikiza mpaka barabarani. Akarudi kwenye mafriji yake. Wajumbe walichoka wao.

Tulikwenda hospitali, tukapimwa wote wawili. Daktari, kijana mpole, alisema kwangu haoni tatizo lolote. Kisha akamgeukia mume wangu na kuongea naye kwa sauti ya chini. Tulirudi kwa miguu, tukanunua mihogo ya kukaanga njiani, na tulipofika mlangoni nikamwambia, "Haya yameishia hapa, mimi na wewe." Yakaishia. Miaka yote watu wamesema ni mimi, nami nikawaacha waseme. Maneno hayo humvunja mwanamume haraka kuliko mwanamke, na mabega yangu ni mapana. Nilipoanza kuandika haya nilimuuliza kama nilipite jambo hili kimyakimya. Alikuwa amejiinamia nyuma ya friji la mtu. Akasema, "Andika. Nimeshakuwa mzee, nani atanicheka?"

Hiyo ndiyo Bagamoyo. Fukayosi, nilikozaliwa, hawaniiti Bi Harusi. Huko walikuwa na lao.

Sisi Wakwere, kama jirani zetu Wazaramo, tuna mwana hiti. Ni mtoto wa mti, unaweza kumshika kwa mkono mmoja, hana mikono wala miguu, na kichwani amechongwa vishungi viwili vya nywele. Binti akiwekwa ndani kufundwa, hukabidhiwa mwana hiti wa ukoo wake. Atamwosha, atampaka mafuta, atamvisha ushanga, atalala naye ubavuni kama mtoto wa kweli. Masheikh wetu hawayapendi sana mambo haya. Wazee wetu wa kike huwaitikia kwa adabu, wakawamiminia kahawa, kisha wakaendelea. Na katika masharti yote ya mwali, linalotisha ni moja, kwamba mwana hiti asianguke. Binti akimwangusha, wanasema, wa kweli hatamshika.

Mwana hiti wa ukoo wetu amevunjika kishungi kimoja. Nilipokabidhiwa alikuwa na kitambaa kimefungwa kichwani, na mwali haulizi maswali, mwali huambiwa ainamishe uso. Nilipomfungua nimwoshe nikakiona kile kishungi, nikadhani ndivyo alivyochongwa. Nilimtunza yule mtoto mpaka mkono ukafa ganzi. Lakini nilipoolewa na miaka ikapita bila habari, watu wakakumbuka. Mmoja akasema wakati nikiwa ndani alisikia kitu kikidondoka. Ni kweli kilidondoka kitu, kata ya maji, na nilisema hivyo. Wakatazama kishungi, wakatazama tumbo langu, hesabu ikawakubali. Aliyemshika mwana hiti kabla yangu alikuwa mama mdogo, ndugu yake marehemu mama yangu, na mama mdogo ana watoto wanane. Nani angemdhania?

Kwa hiyo Fukayosi nilikuwa yule aliyemwangusha. Haikusemwa mbele yangu. Ilisemwa niliponyanyuka kwenda kutazama sufuria.

Mdogo wangu, aliyeolewa palepale kijijini, ana binti ambaye amemaliza chuo cha ualimu. Posa ilitoka Vigwaza, ikakubaliwa, na binti akaja kwangu mjini kushonewa. Aliposimama juu ya kigoda, pini zimemzunguka pande zote, akasema, "Mama mkubwa, mimi nataka wewe ndiye unifunde."

Pini zilikuwa mdomoni, nikazitoa moja moja. Nikamuuliza kwa nini mimi, wakati ukoo umejaa makungwi wazoefu.

"Kwa sababu wewe na baba mkubwa bado mnacheka mkiwa mnakula," akasema. "Sijaona nyumba nyingine hivyo."

Niseme wazi, niliitaka kazi ile kuliko gauni lolote nililowahi kushona. Kungwi na mwali wake huitana somo mpaka kufa. Mimi nilikuwa na majina mawili, na yote nilipewa kwa sababu ya kitu nisichokuwa nacho. Hili lingekuwa jina la kwanza kupewa kwa sababu ya nilicho nacho. Nikamwambia akaongee na mama yake na wazee, na kwamba wakikubali, mimi nipo.

Wazee wa kike walikutana uani kwa mdogo wangu, wamekaa mikekani wakichambua mchele wa harusi. Nilikwenda na mimi, sikutaka kusimuliwa. Mama mdogo alikuwa kwenye kona na tambuu yake, amefumba macho. Aliyeongea ni binti yake, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, mzazi wa watoto sita, ambaye tumelelewa pamoja na ninampenda.

"Dada, hatukukatai," alisema. "Maneno unayajua kuliko sisi. Ni mkono tu. Mkono wa kumkabidhi mtoto uwe mkono uliopata kubeba mtoto. Na mwana hiti naye anamjua aliyemwangusha."

Hapo nilikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa fupi, lingetosha kusema hospitali tulikwenda na daktari alisema hivi. Lingewanyamazisha wote, na kabla ya magharibi lingekuwa limefika mjini, limekaa juu ya kichwa cha mtu aliyewasindikiza wajumbe mpaka barabarani kwa ajili yangu. Nikalimeza.

Nikasema, "Sikumwangusha. Nilisema zamani na ninasema leo. Na huyu mtoto nitamfunda, maana ameniomba mwenyewe, na ninajua ninachokwenda kumwambia. Sasa nyie semeni."

Mdogo wangu, mpatanishi tangu utotoni, akaleta la katikati. Mimi nitafunda, na siku ya kukabidhi, binti wa mama mdogo ndiye atakayemshika mwana hiti na kumpa mwali. Mimi nisimguse. Wote wakaitikia kwa pamoja, mama mdogo naye akafumbua macho, akatema tambuu, akayafumba tena. Nikakubali. Iliniuma, tena sana, na chai niliyopewa baada ya pale sikuijua kama ina sukari.

Tulikaa ndani na mwali siku zile kama ilivyo ada. Niliyomwambia mengi hayaandikwi, na mengine hata nikiyaandika mtaona ni ya kawaida: namna ya kunyamaza bila kununa, namna ya kukasirika bila kutaja mama wa mtu. Siku moja aliniuliza kama watu wa Vigwaza watamwona mshamba au watamwona msomi anayejidai. Nikamwambia watamwona wanavyotaka, kazi hiyo haina likizo, na kwamba yeye aangalie tu asije akawasaidia. Alicheka mpaka akafunika uso kwa mto.

Siku ya kukabidhi ngoma zilikuwa nje, chumba kimejaa, joto limetulia juu yetu. Mwali alikaa kwenye mkeka, kanga imemfunika kichwa mpaka puani. Binti wa mama mdogo akamtoa mwana hiti kwenye kitambaa. Alikuwa amempaka mafuta ya nazi kwa upendo wote, tangu kishungi kizima mpaka miguu asiyokuwa nayo, na akamnyoosha mbele huku akianza wimbo. Mwali akatoa mikono. Sikuona aliyeachia mapema na aliyechelewa kupokea. Nilisikia ko juu ya saruji, na mtoto wa mti akabingirika, akaja akasimama kwenye vidole vyangu vya miguu.

Ngoma nje ziliendelea, wao hawakuona kitu. Ndani wimbo ulikatika. Binti wa mama mdogo akasema, "Si mimi, hakushika vizuri," kwa sauti ya mtu anayeogopa. Mdogo wangu alijiziba mdomo. Mwali akainamisha uso zaidi ndani ya kanga, mikono yake ikabaki mbele.

Nilizitazama zile nyuso, na zile nyuso nazijua. Niliona Vigwaza, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, binti huyu akinyanyuka kutazama sufuria na maneno yakianza nyuma yake. Hata akizaa mapema, atakuwa amekaa miezi yote hiyo akijihesabia. Nilijua jinsi inavyokuwa. Nikainama nikamwokota.

Mtu mmoja alisema, "Dada." Sikumjibu. Nikamfuta vumbi kwa upindo wa kanga yangu, nikampulizia kichwani, nikamwambia pole, pole baba, umeumia? Ndivyo anavyofanyiwa mtoto akianguka, sikufikiria, mikono ilikwenda yenyewe. Kisha nikawageukia.

"Mtoto akianguka huokotwa," nikasema. "Nani humu ndani hajawahi kuangusha mtoto?"

Kwenye kona kikatoka kicheko chembamba cha mtu aliyejaza tambuu mdomoni.

"Mimi nimeangusha," akasema mama mdogo. "Wa mti na wa nyama."

Binti yake akamgeukia. "Mama?"

"Hicho kishungi ni mimi. Nilipokuwa mwali nilikuwa peke yangu mchana, nimechoka kukaa, nikawa namrusha juu namdaka, kama watoto wanavyorushwa. Nikamkosa. Akapiga kinu. Nikamfunga kitambaa kichwani, nikaingia kitandani nikalia, nikajua nimekwisha. Basi nikaolewa, nikazaa wewe. Nikazaa mwenzio. Kila nikitaka kusema, tumbo jingine hili hapa, na aibu nayo inazidi kukua." Akasogeza tambuu shavuni. "Nilidhani yatapita. Mwanangu, nisamehe."

Hilo la mwisho alikuwa ananiambia mimi.

Wengine walianza kucheka, cheko la kushusha pumzi, na mwali akachungulia chini ya kanga. Mimi sikucheka. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Ujana wangu wote bibi huyu amekaa kwenye kona na tambuu, akiniona nabeba kishungi chake, na yeye watoto wanane wanamletea unga. Ningeweza kumwambia mengi pale. Lakini binti wa watu alikuwa ameketi mkekani, mikono bado ameinyoosha mitupu, na siku ile haikuwa yangu.

"Tutaongea, mama mdogo," nikasema. Na tuliongea, baadaye, wawili tu. Si yote aliyoyapenda, ila alikaa akayasikiliza mpaka mwisho, na tangu siku hiyo tunapeana salamu ndefu.

Nikapiga magoti mbele ya mwali. Nikamlaza mwana hiti kwenye mkono wake wa kushoto, kichwa kwenye kiwiko, nikamfunga vidole vyake vizuri, na nikamwambia sikioni, "Akianguka tena, unajua la kufanya." Hakuna aliyesema habari ya mkono wangu. Binti wa mama mdogo alijifuta mafuta kwenye kanga, mara mbili mbele mara mbili nyuma, kisha akapiga kigelegele cha kwanza, kirefu kuliko vyote nilivyowahi kumsikia. Ni sauti nzuri ile, Mungu amempa.

Harusi ilipita, gauni lilikaa vizuri, hilo nilisema na nitasema tena. Binti yuko Vigwaza sasa, anafundisha. Kama atazaa au hatazaa, anajua Mwenyezi Mungu, na sijamuuliza hata siku moja.

Juzi nilikuwa na jirani mgeni barazani, mke wa mfanyakazi mmoja aliyehamia mtaani kwetu, amesimama juu ya kigoda ananyanyua mkono nipime kwapa. Alikuwa amekwisha kuniuliza, kama wanavyouliza wageni wote, kwa nini mtu mzima anaitwa Bi Harusi. Nilimwambia, kwa sababu nimeolewa. Alikuwa bado anatafakari jibu hilo bodaboda iliposimama na binti akashuka na mfuko wa vitambaa.

"Hodi, somo."

"Karibu, somo."

Akapita ndani kumsalimia baba yake mkubwa, na nikasikia wameanza kucheka kabla ya chai. Jirani alimtazama anapopita, akanitazama mimi. Huku kwetu somo ni kungwi na mwali wake, na somo pia ni watu wawili wenye jina moja.

"Kumbe nyie mna jina moja?" akauliza.

"Moja," nikasema.

"Lipi?"

"Hilo ulilolisikia." Nikamwambia asimame wima, nimalizie pindo.